Majumba ya Pwani ya Unguja na Maji Yake

Katika matembezi ya siku moja ambayo mgeni aweza kuyafanya katika kisiwa cha Unguja, akiwa amekodi gari na dereva wake mwenyewe bila ya kufuatana na kundi la watu, siyaoni yanayompa mtu maarifa kama yale ya kuufuata mwambao wa magharibi, kutoka Mji Mkongwe kwenda kaskazini hadi Bububu na kupanda Kidichi, kisha kurudi mjini na kuteremka kusini mpaka Chukwani. Kwani juu ya ukanda huu mfupi, baina ya bahari upande mmoja na minazi na mikarafuu upande wa pili, wafalme wa Kiomani walisimamisha, katika muda usiotimia miaka 90, majumba yao ya fahari, na karibu yote leo ni magofu, au yamebadilishwa sura, au yako katika mikono mingine. Watembezaji wa wageni aghalabu huyaeleza majumba hayo kwa hesabu ya masuria waliokaa ndani yake na kwa visa vya mahaba na husuda, mambo ambayo masikio huyapenda na hayakosi ukweli wake. Lakini mtu akiyaendea kwa utulivu, akiuliza kwa nini jumba hili lilijengwa hapa wala si pale, ataona kwamba jawabu karibu kila mahali ni maji: kijito, chemchemi, birika, hamamu, au ufuo wenye upepo mwema, na swali linalofuata, nalo ni zito zaidi, ni la mikono iliyoyateka maji hayo na kuyabeba.

Ni heri basi kumwambia dereva asisimame Maruhubi, ingawa magofu yake ndiyo ya kwanza njiani, bali aendelee mpaka Mtoni, kilomita tano hivi kutoka mjini, kwa kuwa huko ndiko ilikoanzia habari yenyewe. Seyyid Said bin Sultan alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828 akitokea Maskat, katika nchi ya majabali na jua kali, ambako maji hutafutwa chini ya ardhi, huongozwa kwa mifereji ya falaji hadi mashambani, na hugawiwa watu kwa zamu na kwa saa. Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo ya maji, akashuka kwenye kisiwa ambacho masika na vuli humwaga mvua bila ya kuombwa, akakuta kijito kikiteremka kutoka katika chemchemi zake hadi baharini, hatustaajabu kwamba alitaka kulala karibu na mlio wake. Shamba la mahali hapo lilikuwa la Saleh bin Haramil al-Abri, mmoja wa watu waliotangulia kupanda mikarafuu katika kisiwa; Seyyid Said alimpokonya mali zake, na juu ya ardhi hiyo akajenga Beit al-Mtoni, jumba kongwe katika majumba yote ya kifalme ya Unguja, ambalo lilikuwa maskani yake ya shamba mpaka siku alipoondoka kwa safari yake ya mwisho.

Habari za ndani za jumba hilo tunazijua kuliko za jumba jingine lolote kwa sababu ya binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844 kwa mama Mcherkesi jina lake Jilfidan, na ambaye baadaye, akiwa Ujerumani na akiitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu za maisha yake zikatolewa Berlin mwaka 1886. Asimulia kwamba mto ulipita katikati ya jumba kabla ya kuingia baharini; kwamba katika ua mkubwa tausi, paa, mbuni na heroe walitembea wapendavyo; kwamba kwenye upande mmoja wa ua palikuwa na safu ya nyumba za kuogea, ambazo watu wa jumba walizitumia mchana na usiku; na kwamba kwa makisio yake roho zilizokaa Mtoni hazikupungua elfu moja. Juu ya wote hao alitawala Bibi Azza bint Seif, mke mkubwa wa Seyyid Said, mwanamke asiye na mtoto na mwenye kimo kifupi, ambaye hata watoto wa mfalme walimwogopa kwa heshima. Mbele ya jumba, ukingoni mwa bahari, palikuwa na baraza la mviringo lililojengwa kwa mbao na kuitwa benjile, na hapo Seyyid Said alizoea kwenda na kurudi kwa hatua, amezama katika fikira, ilhali mbele ya macho yake merikebu zake zilitia nanga.

Mtu akisimama mahali hapo afahamu kwamba Seyyid Said hakuwa akitazama bahari kwa ajili ya uzuri wake pekee. Dola yake ilikuwa dola ya pwani na visiwa: pembe za ndovu zilizoletwa kutoka bara, karafuu za Unguja na Pemba, watumwa, gundi ya sandarusi, nguo za Marekani na za Bara Hindi, vyote vilipita juu ya maji, na forodha ya maji hayo ndiyo iliyolisha jumba. Mwaka 1833 aliandikiana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1840 merikebu yake Sultana, chini ya amana ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York na shehena ya Unguja. Kwa mfalme wa namna hii kukaa bara mbali na pwani kungekuwa sawa na kulifumba jicho lake mwenyewe. Ndiyo sababu alizigawa siku zake, nyingine akikaa Mtoni na nyingine katika Beit al-Sahel mjini, na safari baina ya majumba hayo mawili ikawa ya mashua za makasia ikiwa bahari ni shwari, au ya farasi na punda weupe kwa njia ya pwani.

Leo Mtoni ni kuta zilizo wazi juu, matao yaliyobaki bila ya dari, na mabirika makavu. Salme mwenyewe aliporudi kuzuru mwaka 1885, miaka 29 tu baada ya baba yake kufariki, aliikuta nyumba yake ya kuzaliwa imekwisha kuanguka kwa sehemu kubwa, ngazi zimebomoka na nyumba za kuogea nyingine hazipo tena. Wageni wengi huuliza inakuwaje jumba la mfalme life upesi hivyo, na jawabu lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndilo linaloyahusu majumba yote ya ukanda huu.

Sababu ya kwanza imo katika vitu vilivyotumiwa kujengea. Kuta za Unguja ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo juu ya tanuri la magogo. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba, hata katika jumba la Sultani vyumba vikawa virefu kama vichochoro lakini vyembamba. Ukuta wa namna hii hudumu karne nyingi maadamu unapakwa chokaa kila mara na paa halivuji. Ukiachwa misimu michache bila ya kutunzwa, mvua huingia ndani, chokaa hulainika, boriti huoza pale zinaposhikana na ukuta, na mizizi ya miti huifanya kazi iliyobaki. Maji yale yale yaliyomvuta mfalme kujenga Mtoni ndiyo yaliyolibomoa jumba lake.

Sababu ya pili ni mirathi na desturi. Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu Victoria, alipokuwa akirejea kutoka Maskat; mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye chomboni, akaushusha mwili usiku akauzika mjini bila ya watu kujua. Salme ahesabu kwamba watoto waliobaki hai walikuwa 36. Mali ikagawanywa kwa sheria, jumba lenye watu elfu likakosa mwenyewe mmoja wa kulitunza, na kila aliyerithi kiti akapenda kujenga lake jipya kuliko kukaa katika kivuli cha jumba la baba. Sababu ya tatu ni ya mwishoni mwa karne: Uingereza ilipoifanya Unguja kuwa himaya yake mwaka 1890, na mwaka uliofuata ikaiweka hazina chini ya waziri Mwingereza, Sultani akawa mtu wa kupokea posho, na posho haikutosha kuyapaka chokaa majumba yote ya baba na babu, na utumwa ulipoondolewa kwa amri mwaka 1897, wale waliokuwa wakiteka maji, wakipasua kuni na kuchoma chokaa bila ya malipo hawakuwapo tena kulazimishwa.

Kwa ushahidi wa jambo hilo la kujenga na kuacha, mbele kidogo ya Mtoni iko Beit al-Ras, iliyoanzwa kujengwa kwa amri ya Seyyid Said mwaka 1847 wakati Mtoni ilipokuwa haina tena nafasi kwa wingi wa watoto. Hakuimaliza, na waliomfuata hawakujishughulisha nayo. Baadhi ya mawe yake yalichukuliwa baadaye kujengea reli ya Bububu, na kilichobaki, ukumbi mkubwa wa mbele wenye kuta nene, umo katika uwanja uliokuwa wa chuo cha walimu. Kabla ya kufika hapo gari litapita Kibweni, jumba alilojengewa Seyyid Khalifa bin Harub mwaka 1915, ambalo ni mali ya serikali na mgeni haingii. Laonekana kuta zake nyeupe kutoka pwani, na hilo latosha.

Kutoka Bububu njia yaacha bahari na kupanda kilimani, katikati ya mikarafuu, minazi, mishokishoki na midalasini, hadi Kidichi, na hapa naomba msafiri asifanye haraka. Katika shamba hilo Seyyid Said alimjengea hamamu mkewe Mwajemi, Shahrazad, wa ukoo wa mashahi wa Uajemi, mwanamke ambaye Salme amweleza kuwa hodari wa kupanda farasi na kuwinda, mwenye kupenda anasa kuliko kadiri, na ambaye mwishowe aliachwa akarudishwa kwao. Kwa nje jengo ni la kawaida, lina kuba nyeupe na kuta tupu. Ndani, juu ya plasta ya kuta, zimechongwa nakshi za Kiajemi: maua, mitende, na tausi waliokabiliana. Mfalme aliyeamuru jengo hilo alikuwa Ibadhi, na Maibadhi wa Omani hujulikana kwa kuziacha nyumba zao za ibada bila ya pambo. Misikiti yao ya Mji Mkongwe aghalabu haina hata mnara. Kuweka sura za ndege katika chumba cha kuogea cha mke, mbali na macho ya watu wa mji, kulikuwa ni kuridhia nyumbani jambo ambalo asingeliridhia barazani. Na mimi, katika yote yaliyoandikwa juu ya mikataba na manuwari zake, sijaona mahali ambapo mtu huyo aonekana karibu nasi kuliko hapa.

Lakini maji ya moto hayaji yenyewe kilimani. Kuni sharti zikatwe, zibebwe na kuwashwa, ndoo zitwekwe na kumiminwa, na waliofanya hivyo ni watumwa wale wale waliolichuma shamba la karafuu msimu ukifika. Seyyid Said alipofariki inatajwa kwamba alikuwa na mashamba 45. Majina ya walioyafyeka hayakuchongwa ukutani pamoja na tausi, na mtembezaji mwadilifu lazima awataje hapa, ndani ya hamamu yenyewe, wala asingoje mpaka afike kwenye soko la watumwa Mkunazini, kwani mgeni akitoka Kidichi amesikia habari za Shahrazad peke yake amesikia nusu ya habari.

Wakati wa kurudi mjini ndio wakati wa Maruhubi. Jumba hili lilijengwa na Seyyid Barghash baina ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya masuria wake, juu ya ardhi ambayo jina lake latokana na Mwarabu wa ukoo wa Marhubi aliyekuwa mwenyewe kabla yake. Moto uliliunguza mwaka 1899, likaachwa, na marumaru za hamamu zikaibwa. Zimebaki nguzo nene za mawe, zilizokuwa zikibeba roshani pana ya mbao, zimesimama safu kwa safu zikielekea baharini. Limebaki hamamu na mabirika ambamo mayungiyungi huota. Hapo karibu mafundi wa majahazi huvuta vyombo vyao ufuoni, hupigilia misumari na kutia kalfati, na kelele za nyundo zao humfaa msikilizaji anayetaka kufahamu pwani hii iliishi kwa kazi gani.

Barghash ndiye ambaye maji ya Unguja hunasibishwa naye zaidi kuliko mfalme mwingine yeyote. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Seyyid Majid, kwa msaada wa dada zake Khole na Salme, huyu wa pili akiwa kijana wa miaka 15 mwenye kuwaandikia wapanga njama barua zao. Akashindwa, akapelekwa Bombay uhamishoni. Huko aliuona mji mkubwa wa pwani chini ya Waingereza. Alipokalia kiti mwezi wa Oktoba 1870, mji wake ulikuwa umetoka tu katika kipindupindu kikubwa cha mwaka 1869 na 1870, kilichoua watu kwa maelfu, na daktari Mskoti James Christie aliyekuwako mjini alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi maradhi hayo yalivyosafiri na watu na vyombo vyao. Wakazi walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyo karibu na makaburi na vyoo. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za mfalme. Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, akiwa ametishwa na manuwari za Kiingereza. Mfalme aliyepokonywa mambo haya yote mfululizo alijenga, na katika vyote alivyovijenga naona lililo bora ni mfereji wa mabomba ulioyaleta maji ya chemchemi za upande wa Bububu hadi ndani ya mji, ambako watu walichota bure. Wasifiwao hupata sifa kwa marumaru. Mimi nampa Barghash sifa yake kwa bomba hilo.

Mjini vilevile alijenga hamamu ya umma, ambayo mtaa wake mpaka leo waitwa Hamamni, na mtu yeyote mwenye ada yake aliingia kuoga kwa mvuke, jambo ambalo Kidichi lilikuwa la mke mmoja wa mfalme. Na mbele ya bahari, mwaka 1883, akasimamisha Beit al-Ajaib, nyumba ndefu kupita zote za Afrika Mashariki kwa zama zake, yenye nguzo za chuma cha kusubu, milango mikubwa iliyonakshiwa aya za Kurani kwa dhahabu, na taa za umeme kabla ya miji mingi ya dunia kuzipata. Kando yake zilikuwapo Beit al-Hukm, makazi ya wanawake, na Beit al-Sahel, zote zimeunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa ili bibi wa jumba avuke bila ya kuonwa na wapita njia.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manuwari za Kiingereza ziliyapiga majumba hayo kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya ridhaa yao. Beit al-Hukm ikaangamia, Beit al-Sahel ikabomoka ikajengwa upya, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na merikebu Glasgow ya Sultani ikazama bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka mingi. Beit al-Ajaib yenyewe ilisalimika mizinga ile, ikawa ofisi za Waingereza, kisha baada ya Mapinduzi ya 1964 ikatumiwa kwa kazi mbalimbali na hatimaye ikawa makumbusho. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wake wa mbele, pamoja na mnara wa saa, ikaporomoka. Mambo haya mgeni atayasoma popote. Mimi namshauri apite, atazame, akumbuke habari ya boriti na chokaa aliyoisikia Mtoni, kisha amwambie dereva aelekee kusini.

Chukwani iko kilomita kumi hivi kutoka mjini, juu ya ufuo wa miamba wenye upepo safi, na Barghash alijenga hapo mwaka 1872 jumba la kupumzikia na kujiuguza. Watu wengi leo waijua Chukwani kwa Baraza la Wawakilishi, wala hawajui kwamba ndiko ilikokwenda reli ya kwanza ya Unguja, njia nyembamba iliyotoka mjini, ambayo mabehewa yake mawili kwanza yalivutwa na nyumbu, na tangu mwaka 1881 na gari moshi dogo lililoagizwa Uingereza. Sultani alipanda behewa, akafika ufuoni, akaoga, akavuta pumzi ya bahari. Maradhi yake yalikuwa ya kifua, na kadiri miaka ilivyopita, huku Wajerumani na Waingereza wakigawana mbele ya macho yake bara aliyoiita yake, yalizidi. Mwanzoni mwa mwaka 1888 aliacha hamamu zake zote, za Maruhubi na Chukwani na za mjini, akapanda chombo kwenda Omani kwenye chemchemi za maji moto za Baushar, katika ile nchi ambayo baba yake aliihama miaka 60 kabla. Chemchemi hazikumponya. Alirudi Unguja mwezi wa Machi, akafariki saa chache baada ya kufika, na reli ya Chukwani, ambayo hakuna mwingine aliyeihitaji, ikang'olewa ikauzwa kuwa chuma chakavu.